Unga Uliolala Kitandani Kwangu

Sauti ilinifikia kabla ya kitu kingine chochote. Pa. Halafu kimya. Pa. Halafu kimya kingine, kirefu kidogo, kama cha mtu aliyesita kabla ya kusema neno. Macho yalikuwa bado yamefumbwa na chumba kilikuwa giza, lakini mwili ulishajua uko wapi. Nilikuwa nyumbani Gorong'a, kitandani kwangu, na upande wa pili wa ukuta mama alikuwa anapiga unga wa skonzi juu ya meza.

Naishi Mwanza siku hizi. Kule huamshwa na pikipiki, na jirani anayesafisha koo, na simu yangu mwenyewe. Sauti hizo hunitoa usingizini kwa kunivuta mkono. Sauti ya unga wa mama haijawahi kunivuta. Huja na kuketi pembeni ya kitanda, ikasubiri. Nikiisikia ninaweza kuwa wa umri wowote, mtoto asiyefika dirishani au mwanafunzi aliyerudi likizo, na asubuhi ile nilikaa kwanza katika umri wote huo, mmoja baada ya mwingine, kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima niliyepanda basi kurudi nyumbani kwa ajili ya jambo moja tu.

Nilijua kitakachofuata. Vishindo vingelegea, vikawa mguso wa viganja. Maji yangemiminwa, mikono ingeoshwa. Kisha mlango wa chumba changu ungesukumwa kwa nyonga, maana mikono ingekuwa imebeba beseni.

"Toka," mama alisema. "Mwenye kitanda amefika."

Nikatoka. Akainua blanketi, akaliweka lile beseni, limefunikwa kwa khanga, katika shimo lililoachwa na mwili wangu kwenye godoro. Akalifunika mpaka shingoni, kama beseni lina shingo. Halafu akaligonga kidogo kwa vidole, namna alivyokuwa akinigonga mimi mgongoni nilipokuwa mchanga.

Gorong'a kuna baridi. Asubuhi ukungu hupanda kutoka bondeni na kuingia hadi zizini, na ng'ombe huonekana wamekatwa miguu, wanaelea. Mama hakujifunza kuoka katika baridi hii. Alijifunza chini huko, Matongo, enzi alipokuwa akiuza chai kwa wachimbaji, akifundishwa na mpangaji mmoja aliyetoka mkoa wa mbali akimfuata mumewe aliyefuata dhahabu. Huko kuna joto. Unaukanda unga, unauweka dirishani, ukimaliza kufagia uwanja umeshafika mdomoni mwa beseni. Mama alipoolewa akapandisha ujuzi wake huku juu, unga ukakataa. Ulikaa kwenye beseni kama jiwe la kusagia.

Alijaribu kuuweka karibu na jiko, upande mmoja ukaiva na upande mwingine ukaendelea kulala. Akajaribu kuuweka pale wanapolala ndama. Hapo uliumuka vizuri sana, lakini skonzi zikanuka ndama. Baba alisema ni tamu. Baba husifu kila kitu chenye harufu ya ndama.

Ndipo akajaribu kitanda. Si kitanda kitupu, bali kitanda kilichoachwa na mtu sasa hivi. "Moto una haraka," alinieleza siku moja, "na jua lina kiburi, linakuja likitaka. Joto la mtu halina haraka. Linauambia unga, pole pole, hakuna anayekufukuza."

Hivyo ndivyo nilivyokua, nikipokezana kitanda na unga. Nilikuwa mtoto pekee mwenye usingizi mzito, kwa hiyo kitanda changu kilikuwa na joto kuliko vingine vyote. Niliketi kwenye kigoda, nimejifunga shuka, nikilitazama blanketi langu likiinuka taratibu bila mimi kuwemo. Niliamini kwamba unga ulikuwa unaota. Na kwa kuwa ulilala palepale nilipolala, niliamini unaziota ndoto zangu, zile nilizoziacha kwenye godoro kwa sababu niliamshwa kabla hazijaisha. Majirani walipokuja kunywa chai, niliwaangalia wakitafuna nikawaza, huyu sasa anakula ule mto niliouvuka, yule anakula tembo. Siku nilizoota vibaya sikula. Mama alidhani ninaumwa tumbo.

Sheria ilikuwa moja. Unga ukiwa kitandani, hakuna kupiga mlango. Mlango wetu wa mbele ni wa chuma, una tabia ya kujifunga wenyewe kwa kishindo kinachoamsha mbwa wa kijiji kizima. Mama alisema kishindo kimoja kinatosha kuushusha unga ulioumuka, ukatoa pumzi yote na usiinuke tena. Kwa hiyo tulijifunza kuufunga mlango ule kwa mikono miwili, mmoja kwenye kitasa na mwingine bapa juu ya chuma, tukiusindikiza mpaka uguse fremu. Mpaka leo nikiona mtu anafunga mlango namna hiyo, nahisi harufu ya hamira.

Asubuhi ninayoisimulia, skonzi zilikuwa za mgeni.

Mgeni alikuwa baba wa mchumba wangu. Anakaa upande wa Serengeti, mbele ya Mugumu, mahali ambapo ng'ombe hulala ndani ya uzio wa miiba na watu hulala na sikio moja wazi kwa ajili ya fisi. Alikuwa amekwisha kuja kwetu. Alikunywa chai, akaulizia mvua, akaulizia ugonjwa wa miguu ya ng'ombe, akanishika mkono nilipomwamkia, akanitazama usoni kwa muda mrefu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, akaaga. Baba alipomuuliza kwa adabu kama kuna neno, alijibu kwamba alikuja kusalimia tu. Alikuja tena baada ya mavuno. Akasalimia tu.

Kwa mwanawe alikuwa mkweli zaidi. Alimwambia: mwanamke anayekaa mjini akiandika hadithi, nyumbani kwangu atakuja kufanya nini? Ng'ombe hawasomi. Mwanawe alimwomba aje mara moja zaidi. Mzee akakubali, na akaongeza kwamba akirudi safari hii bila neno la posa kumtoka, basi neno halimo, na asiombwe tena.

Tungeweza kwenda zetu. Wengi huenda. Lakini mchumba wangu asingeanza nyumba kwa kumgeuzia baba yake mgongo, na mimi nadhani nisingempenda mtu ambaye angeweza. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinywani mwa mzee mmoja, na kinywa hicho, mchumba wangu alinieleza, hakikuwa na meno mengi. Mama aliposikia hilo ndipo alipotoa unga.

Usiku ule nilikuwa nimeota ng'ombe. Wa kahawia, mwenye paji jeupe. Aliingia sebuleni kwetu akalala katikati ya makochi, juu ya kapeti, akawa anacheua. Hakuna aliyemfukuza. Tulimruka tukipeleka chai, tukasema samahani. Nilimsimulia mama tukiwa tunangoja unga.

"Basi leo mgeni atakula ng'ombe," alisema.

Alilitoa beseni kitandani jua lilipogusa mabati. Unga ulikuwa umeinua khanga. Akaukandamiza kwa ngumi, taratibu, ukatoa ile pumzi yake yenye harufu kati ya bia na mtoto mchanga. Tukaukata, tukaviringisha madonge madogo kwa viganja vilivyopakwa samli, tukayapanga ndani ya sufuria yakigusana mabega. Yakarudi kitandani kidogo, maana shuka zilikuwa bado na uvuguvugu. Kisha yai juu, kisha sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mama hakuangalia saa. Alikaa akipepea na kunusa. Harufu ilipoacha kuwa ya unga ikawa ya mkate, aliinua mfuniko kwa koleo, na zile skonzi zilikuwa zimeshikana zote kama kundi la kondoo wenye baridi, zimepata rangi mgongoni.

Katika kukanda na kulaza na kuamsha, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza chochote. Tulifanya kama tulivyofanya siku zote.

Walifika vumbi likiwa limewageuza rangi. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti zito na kofia ya pama, fimbo mkononi. Aliiegemeza fimbo nyuma ya mlango. Pamoja naye alikuja mshenga, binamu yake, mwuza dawa za mifugo ambaye huzungumza kama redio iliyosahauliwa wazi. Mchumba wangu alibaki nje karibu na zizi. Kwetu mwanamume hakai ndani na mama wa msichana anayemtaka. Haya haimruhusu. Nilimwona dirishani akijifanya kumkagua ndama.

"Shikamoo, mzee," nilisema, nikapiga goti.

"Marahaba." Akanishika mkono. Akanitazama usoni, vilevile, kama kibao. "Hujambo? Mwanza hawajambo?"

"Hawajambo."

"Bado unaandika?"

"Bado."

"Haya," alisema, akakaa.

Niliweka chai ya maziwa na sahani ya skonzi mezani, nikarudi chumbani kwangu. Kati ya chumba na sebule kuna pazia tu. Nilikaa kitandani, pale unga ulipokuwa umelala. Mkono wangu ulilala juu ya godoro na godoro lilikuwa bado na joto, lakini sikujua tena kama ni langu au la unga.

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona baba, kiti chake kikielekea mlangoni. Nilimwona mama akiwa amesimama na birika. Na katika kochi la peke yake, miguu haifiki chini, bibi yangu, mama yake baba. Bibi huzungumza Kikurya siku zote. Kiswahili hukitoa kama sahani za kabatini, anapotaka kila mtu aone.

Mzee alichukua skonzi. Aliikunja kwa vidole, ikakunjika. Akaipasua, nyuzi zake zikavutika, mvuke mdogo ukatoka. Akala. Akachukua nyingine.

Simu ilitetemeka mapajani mwangu. *Vipi?* aliandika mchumba wangu kutoka zizini.

*Wanakula,* nikajibu.

Mvua ikazungumzwa. Miguu ya ng'ombe ikazungumzwa. Mshenga akaeleza kuhusu dawa mpya ya kupe, akaeleza kuhusu ya zamani, na baba akasema "ndiyo" mara nyingi kwa sauti inayozidi kupungua. Mama akaongeza chai. Mazungumzo yalikuwa yanalizunguka jambo bila kulikanyaga, na mimi nikamwona wazi kabisa, ng'ombe wangu wa kahawia, amelala katikati ya makochi akicheua. Wote walikuwa wanamruka. Niliwaza kwamba ndivyo itakavyokuwa. Atamaliza chai, atapangusa ndevu, ataaga. Atachukua fimbo.

"Mama," mzee akamgeukia bibi. Alikuwa na nusu ya skonzi mkononi. "Mkate huu mnautia nini? Mimi kule kwangu mkate wa dukani hata ukimrushia fisi anakimbia. Huu unashuka wenyewe."

"Hatutii kitu," mama alisema. "Samli tu."

"Samli hata sisi tunayo. Wangu huwa mgumu."

"Kwa sababu mnaulaza chini," bibi akasema. Kiswahili kilikuwa kimetoka kabatini.

"Unalala wapi sasa?"

"Kitandani."

Mzee akacheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri, sikuwa nimewahi kukisikia. "Kitandani kwa nani?"

"Kwa yule mtoto," bibi alisema, akaelekeza kidevu kwenye pazia. "Leo alfajiri. Yeye akaamka, mkate ukaingia. Ukajifunika blanketi lake. Ndiyo maana umekuwa mtu."

Taya la mzee lilisimama.

Nilimwona mama akilishika birika kwa mikono miwili. Nilihisi joto likipanda kutoka godoroni hadi masikioni mwangu, maana ndipo nami nilipokumbuka, pamoja na mama, pamoja na baba, wote kwa mpigo. Kwetu baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe. Hakai kitandani pake. Shuka lake likipeperushwa na upepo likamwangukia njiani, atapita upande mwingine wa njia. Hamshiki mkono, hamtazami usoni. Hakuna sheria tunayofundishwa mapema kuliko hiyo, na hakuna tuliyoisahau kikamilifu zaidi asubuhi ile, kwa sababu kwetu unga kulala kitandani lilikuwa jambo la jikoni. Halikuwahi kuwa jambo la chumbani.

Nusu ya skonzi ilibaki hewani kati ya sahani na ndevu.

Mshenga alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kula tu, mzee," alisema. "Hapana shida. Si bado hatujasema kitu? Hatujaposa. Huyu bado ni binti wa watu, kama binti yeyote wa njiani."

"Ni kweli," baba alisema haraka, akimsaidia mgeni wake asiaibike. "Hapana shida kabisa."

"Ni kweli," bibi naye alisema. "Kama mmekuja kusalimia tu, kula. Wa kusalimia anakula chochote."

Mzee aliitazama nusu ile. Alikuwa na njaa, nilijua, alikuwa njiani tangu asubuhi. Na ilikuwa laini. Nilimwona akiibonyeza kwa kidole gumba bila kutaka, ikabonyea, ikarudi.

Simu ikatetemeka. *Amesema?*

*Ameacha kula,* niliandika.

*Anaumwa?*

Sebuleni kuku mmoja aliingia, akatembea hadi katikati ya kapeti, akainua mguu mmoja, akasahau kuushusha. Hakuna aliyemfukuza. Nje ndama aliita. Katika kumbukumbu yangu ukungu wa asubuhi ulirudi kabisa ukaingia ndani, na watu wote mle wakawa wanaelea kwenye makochi yao, na kitu pekee chenye uzito kilikuwa kipande cha mkate.

Mzee akakiweka kwenye sahani. Alikiweka polepole, upande ulioliwa chini, kama mtu anayelaza kitu kisiamke.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?" bibi aliuliza.

"Kula."

"Umeshiba?"

"Sijashiba."

"Unaumwa jino?"

"Mama, unanisumbua."

"Nakuuliza tu. Mimi mzee, mambo yananipita. Huwezi kula kwa sababu gani?"

Mzee alivua kofia, akaizungusha magotini, akaivaa tena. "Kwa sababu kitanda hicho," alisema, akakwama.

"Kitanda hicho cha nani?"

Mama alinong'ona, "Mama, mwache." Bibi hakumwacha. Alijisogeza mbele kwenye kochi lake mpaka vidole vya miguu vikagusa sakafu.

"Cha mke wa mwanangu," mzee alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, akiliambia goti lake. Lakini lilisemwa. Nilihisi limefika mpaka chini ya kitanda.

Bibi akajivuta nyuma, miguu ikapanda tena hewani. "Haya," alisema. "Kumbe tulikuwa tunasalimiana na mkwe." Akanyoosha mkono, akachukua ile nusu kutoka kwenye sahani ya mgeni, akaitia kinywani mwake. "Mimi sina mkwe humu," alieleza, akitafuna. "Mimi nakula."

Baba alikuwa anatazama dari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Na ile aliyokwisha kuimeza?" mshenga aliuliza, kwa wasiwasi wa kweli. "Ile ya kwanza?"

"Ile niliila nikiwa mgeni," mzee alisema. Akajifuta vidole, kimoja kimoja. Kisha, kwa ukali wa mtu aliyeshikwa katikati ya mto na sasa ameamua kuvuka, akamgeukia binamu yake. "Wewe umenyamaza nini? Si unaitwa mshenga? Sema kilichotuleta."

Na redio ile, iliyokuwa imezungumzia kupe tangu kuingia, ikakosa neno la kuanzia.

Mama alisema, "Nitakuokea zingine. Zitaumuka mahali pengine."

"Wapi?" mzee aliuliza upesi.

Mama alifikiri. Nilimwona akivipitia vitanda vyote vya nyumba kichwani, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikizidi kuwa kibaya.

"Weka juani," mzee alisema. "Ziwe ngumu tu."

Mazungumzo ya wanaume yalichukua mchana wote. Mimi sikuyasikiliza. Nilijilaza pale nilipokuwa nimekaa, miguu na viatu vyake, nikavuta blanketi, na nadhani nililala, maana nakumbuka niliwasikia wakitaja ng'ombe kwa rangi zao, wa kijivu, wa madoa, mweusi mwenye pembe moja, na kila mmoja aliyetajwa aliingia akalala pembeni ya yule wa kahawia. Nyumba ilijaa. Shuka zilinuka hamira. Mwili wangu ulikuwa mwepesi, una vishimo vidogo vya hewa kila mahali, na nilijihisi ninainuka bila haraka, bila mtu kunifukuza.

Nilipoamka sebule ilikuwa kimya. Nje nilisikia sauti ya mchumba wangu, na ya baba, na mshenga aliyekuwa amekwisha kupata maneno yake. Walikuwa wanaagana karibu na gari. Nikafungua pazia, nikatoka kukusanya vikombe.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mzee aliingia.

Alikuwa amesahau fimbo.

Tulikuwa sisi wawili tu. Siku zilizopita angenyoosha mkono. Angenitazama usoni, angeuliza Mwanza hawajambo. Aliponiona alisimama, akaivuta kofia yake ya pama mpaka ikafunika macho. Nami, bila mtu kuniambia, niligeuka nikatazama ukuta, vikombe vimejaa mikononi. Hakuna aliyesema shikamoo. Hakuna aliyesema marahaba. Nilisikia kiganja chake kikipapasa ukuta nyuma ya mlango, kikitafuta kama cha mtu aliye gizani, kikigonga ndoano ya makoti, kikigonga kalenda, kikishuka, mpaka kikaipata fimbo.

Hakuondoka papo hapo. Nilimsikia akivuta hewa puani, kwa kina. Kwenye sahani zilikuwa zimebaki skonzi chache, baridi, bado zimegusana mabega. Nilidhani atasema neno. Nilisikia tu viatu vyake vikigeuka.

Nikajikaza kungoja kile kishindo cha chuma. Hakikuja. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili, nilijua kwa jinsi bawaba zilivyolia kidogo kidogo, akausindikiza taratibu mpaka ukagusa fremu, kama mtu aliyeambiwa kwamba humo ndani kuna unga umelala.